Mkunjo wa Tatu

Wifi yangu ana sauti kubwa, ana haraka, na hajui kunong'ona. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nampaka mafuta kwa sababu ni dada wa mume wangu. Tumegombana mara nyingi kuliko nilivyogombana na mume mwenyewe, na mara nyingi haki ilikuwa upande wake, jambo linaloniudhi hadi leo.

Kazini wanamwita Mashoto. Kila kitu hufanya kwa mkono wa kushoto: kuandika, kumenya viazi, kumpungia mtu, kumwonya mtu kwa kidole. Anaongoza idara ya ufuaji ya hospitali, ghorofa ya chini kabisa, ambako wagonjwa hawafiki na madaktari wanakusahau. Tuko watu ishirini na wawili. Mimi ni fundi cherehani. Nakaa dirishani na mashine yangu, natia viraka, nashona pindo, na nasikia kila linalosemwa, kwa sababu watu humhesabu fundi kama sehemu ya cherehani yake.

Kabla yake tulikuwa na msimamizi tuliyempa jina la Filimbi, kwa kuwa aliivaa shingoni na hakuionea huruma. Saa ya kuanza, filimbi. Saa ya chai, filimbi. Karibu na mlango alitundika ubao mweusi, na aliyechoma shuka au kurarua kitambaa aliandikwa jina lake hapo kwa chaki nyekundu. Ukiandikwa mara tatu, ulipelekwa chumba cha machafu kwa mwezi mzima. Huko ndiko nguo zinakoshuka kutoka wodini kama zilivyo, na wewe unazichambua kwa mikono kabla hazijaingia mashineni. Sina haja ya kueleza zaidi. Aliyewahi kuuguza mtu anaelewa.

Basi watu wakawa wanakunja kwa siri. Unageuza kitambaa ili dosari iangukie ndani ya mkunjo wa tatu, halafu unapinda kona moja kwa ndani na kuibana, ili mtu akikishika kisifunguke. Kwa nje kinafanana na vingine vyote. Uajiriwe leo, na kabla hujaoneshwa choo kiko wapi umeshafundishwa mkunjo huo. Nani aliuanzisha? Kila mtu alifundishwa na mwenzake, na huyo naye na mwenzake, na mazungumzo yaliishia hapo.

Ubao ukakaa mtupu miaka na miaka. Filimbi akasifiwa kwenye mikutano, akapewa cheti chenye fremu, akakitundika juu ya ubao wake. Mimi nikawa fundi asiye na kazi. Nililetewa mashuka sita au saba kwa wiki, katika idara inayofua mamia kwa siku. Nilijitia hamnazo, nikadarizi vitambaa vya meza vya nyumbani kwangu, nikanenepa.

Kisha asubuhi moja kitambaa chetu kikafunguliwa katika chumba cha upasuaji. Ni vile vya kijani vinavyofungiwa mikasi na visu vya daktari kabla ya kuingizwa kwenye mvuke wa kuua vijidudu. Kikiwa na tundu, hata dogo kama punje ya mchele, kila kilichomo ndani kinahesabiwa kichafu. Hili lilikuwa kubwa kuliko punje, na lilikuwa ndani ya mkunjo wa tatu. Mgonjwa, mwalimu mstaafu, alikuwa ameshalazwa mezani. Akasubiri saa mbili huku vikitafutwa vifaa vingine. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini Sista, yule muuguzi mkuu wa upasuaji, alishuka ngazi mwenyewe, akakitandaza kitambaa mbele ya Filimbi, akapitisha kidole kwenye tundu.  Mimi wiki ile chakula kilinishinda, na nilimwambia mume wangu kwamba ni tumbo.

Filimbi akahamishiwa stoo. Mashoto akapandishwa cheo, na pamoja na cheo akakabidhiwa sharti la maandishi: siku tisini. Tundu moja jingine likifika chumba cha upasuaji, idara inafungwa, nguo zinapelekwa kampuni ya nje, na sisi ishirini na wawili tunakwenda kukaa nyumbani.

Asubuhi yake ya kwanza alitukusanya mbele ya pasi kubwa ya roli, ile inayonyoosha nguo kati ya silinda za moto.

"Nani hapa anajua kukunja kwa siri?"

 Mtu mmoja alikohoa, na ungedhani kikohozi kile kimekula njama nasi.

"Sawa," akasema. Akavuta kitambaa, akageuza, akakunja, mkono wa kushoto ukapinda kona na kuibana. Haikuchukua muda wa kupiga chafya. Akakiinua juu. "Nimefanya hivi miaka kumi na tisa. Mnataka nijifanye malaika leo kwa sababu nimepewa ufunguo wa kabati?"

Watu wakacheka kicheko cha woga. Msukuma mkokoteni, mzee wetu wa utani, akaropoka: "Na wewe bosi nani alikufundisha?"

Macho ya wifi yalipita dirishani, yakanigusa, yakaendelea na safari yake. "Hilo halitusaidii," akasema. Mimi nikainama kutafuta uzi ambao ulikuwa mkononi mwangu.

Sasa, pale kwetu kulikuwa na meza ya kioo yenye taa chini yake, iliyonunuliwa mahsusi kwa kukagua vitambaa. Ukitandaza kitambaa juu yake, tundu lolote linawaka. Kwa miaka yote sisi tuliwekea vikombe vya chai, kwa kuwa joto la taa halikuruhusu chai kupoa. Mashoto akaondoa vikombe, akaisugua ile meza mpaka maduara ya chai yakatoka. Ubao wa Filimbi akaushusha, akausukumiza chini ya kabati lililokuwa likiyumba mguu mmoja. Kabati likatulia.

"Chenye dosari kinakuja mezani hapa," akasema. "Hatutauliza nani. Tutauliza kimeanzia wapi. Basi, kazini."

Mimi sikuafiki, na nilimwambia. Jumapili nilimkuta jikoni kwake anamenya viazi, nikavuta kigoda.

"Wifi, watakuzoea hao. Mtu asipoogopa atachoma hata mapazia."

"Wameogopa miaka yote hiyo. Walichoma pungufu?"

"Angalau walikuwa na adabu."

"Walikuwa na mikono myepesi." Akanitupia kisu cha pili. "Menya. Na kesho uje na nyuzi za kutosha."

Siku tatu meza ilikaa tupu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi kidogo. Siku ya nne akaja Mpole. Mpole ni mkunjaji wetu mmoja, mwanamke wa maneno machache, ambaye chini ya Filimbi alionja chumba cha machafu mara tatu na tangu hapo hata salamu alikuwa anaipima. Aliweka kitambaa juu ya kioo. Mpasuko wa kidole kizima ukawaka. Akabaki amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri fimbo.

Mashoto akakitazama kitambaa, hakumtazama yeye. "Kimeanzia wapi?"

"Kikaushio namba mbili," Mpole akasema. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemkatiza, akaongeza: "Pale mlangoni. Kuna kitu kinauma."

Fundi mitambo akaitwa. Akaingiza kichwa na tochi, akatoka anatikisa kichwa. Ukingo wa bati ulikuwa umejikunja ndani ya mpira wa mlango, mkali kama wembe. Akaubana kwa koleo, akausugua kwa tupa, ikawa imekwisha. Dakika kumi. Bati lile lilikuwa likitafuna nguo zetu kwa muda wa miaka minne, na kila mmoja wetu alilijua, na kila mmoja alifunga mdomo wake, maana kulitaja ni kukiri kwamba na chako kimeraruka. Niliona aibu, nayo aibu ile ilinikaa.

Baada ya hapo ikawa mafuriko. Wiki ya tatu nilipokea vitambaa na mashuka arobaini na moja. Nilishona mpaka mgongo ukalia. Vitambaa vya meza vya nyumbani vikabaki na maua nusu, na sketi zangu za zamani zikaanza kunienea tena.

Ghorofa ya juu, hata hivyo, hawakusoma mgongo wangu, walisoma taarifa. Mashoto akaitwa na afisa utawala, na akanichukua nimbebee furushi la ushahidi. Afisa ni kijana nadhifu, shati halina mkunjo hata mmoja, na lile shati tumelipiga pasi sisi.

"Dosari zimeongezeka mara sita chini ya uongozi wako," akasema.

"Hazijaongezeka, mkubwa. Zilikuwa zimelala. Nimeziamsha."

"Msimamizi aliyepita alikuwa na sifuri."

"Alikuwa na sifuri ubaoni." Akanionesha kwa kidole cha kushoto nifungue furushi. "Hizi ni za wiki moja. Bila meza yangu, zote zingepanda kwa Sista. Una siku hamsini na nane za kunifukuza, nami sina wasiwasi. Naomba taa mbili za akiba za ile meza."

Taa zikaletwa. Ngazini nikamwambia ana kiburi, naye akaniambia nimebeba furushi vibaya.

Lakini asionekane kama mtu asiyekosea, maana alikosea vizuri tu. Wiki ya sita tulizidiwa kazi, mashine moja ilikuwa imelala, na alipokuta kitambaa kingine kimeungua mezani ulimi ukamtoka kabla ya kichwa: "Nani tena huyu?" Kwa sauti ile yake. Alijua palepale. Siku mbili zilizofuata meza ilikuwa safi, safi ya kutia hofu, na mimi niliona mikono miwili mitatu imeanza kurudia ule wepesi wa zamani.

Siku ya tatu akasimama mbele yetu. "Juzi niliuliza nani. Nilikosa. Naomba radhi." Hakuongeza sababu, hakutaja mashine. Mimi niliona amejishusha mno, bosi haombi radhi hivyo mbele ya wasukuma mikokoteni. Kufikia saa nane mchana vitambaa vinne vilikuwa juu ya kioo. Nikanyamaza nikashona.

Siku ya themanini na nane walikuja kutukagua: Sista, na afisa utawala na kalamu yake, pamoja na fomu ya kuamua kama idara inabaki. Mkunjaji mmoja alikuwa mgonjwa, na vitambaa vya upasuaji vilihitajika juu kabla ya saa nne, kwa hiyo Mashoto mwenyewe aliingia kwenye mstari. Alisimama mwisho wa pasi ya roli, akapokea vitambaa vikitoka moto, vingine akivipeleka kwenye taa. Huku anawajibu wageni. Anaeleza hili, anaonesha lile, sauti yake ikishindana na mashine na kuzishinda. Mdomo ulikuwa kwa wageni, na mikono ilikuwa peke yake.

Mpole alikuwa anafunga mafurushi, kumi kumi. Ana desturi ya kupitisha kidole gumba ukingoni kabla ya kukaza kamba. Nikaliona gumba likisimama.

Alichomoa kitambaa. Akakifungua mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hata kutoka dirishani niliona duara la kahawia, ukubwa wa kifuniko cha chupa, na katikati yake tundu. Na niliona kona. Wakunjaji wetu wote hupinda kona ya kulia. Hii ilikuwa imelalia kushoto, na mtu wa mkono wa kushoto katika idara nzima ni mmoja.

Mpole aliniangalia. Nami nitasema nilichofanya, kwa sababu nimeapa kukisema: nilimkonyeza. Nilimtolea macho yote mawili, nikatikisa kichwa, nikamwonesha kwa kidevu chini ya meza. Siku mbili zimebaki. Kisukumize tu, mwanamke, mimi nitakishona baadaye na hakuna atakayejua. Watu ishirini na wawili walikuwa mikononi mwake, na wifi yangu mbele yao wote.

Mpole akageuka.

"Bosi," akasema, na sijawahi kumsikia akisema kitu kwa sauti inayovuka chumba. "Hiki kimekunjwa kwa siri. Ni kona ya kushoto."

 Afisa utawala akainua kalamu. Mashoto akaja, akakipokea, akakitandaza juu ya kioo, na tundu likawaka mbele ya wageni. 

"Ni changu," akasema. "Sikumbuki hata kukishika. Mikono hii ndiyo ilivyozoea." Akashusha pumzi. "Kimeanzia wapi, Mpole?"

"Roli ya mwisho. Upande wa ukutani, kitambaa chake cha juu kimelika. Vilivyopita pale vyote vina alama, ila hiki ndicho kilichoungua."

"Zima roli," Mashoto akamwambia fundi mitambo. Kisha akamgeukia Mpole, na akatabasamu tabasamu pana ambalo nyumbani tunaliona siku za matokeo ya mitihani tu. "Asante, mama. Asante sana."

Afisa alikuwa anaandika. "Mkuu wa idara mwenyewe anaficha dosari," akasoma kwa sauti anavyoandika. "Siku ya themanini na nane."

"Andika na kwamba imekamatwa," Sista akasema.

"Lakini Sista, kama kiongozi mwenyewe..."

"Sharti lilisema nini? Tundu likifika kwangu. Hili limefika kwangu?" Akagusa kioo. "Mimi nina wauguzi tisa. Ningependa nijue kama yupo hata mmoja ambaye angenisema mimi hivi, mbele ya wageni. Leta fomu nitie sahihi, nina mgonjwa saa nne."

Akatia sahihi palepale, juu ya meza ya taa. Wote tulipumua kwa pamoja. Msukuma mkokoteni akaanza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Afisa utawala hakuridhika. Si mtu mbaya. Ni mtu anayependa kila karatasi iwe na mwisho. "Bado kuna jambo," akasema. "Tabia hii imeenea idara nzima na haina mwenyewe. Nani aliianzisha? Taarifa lazima iwe na jina."

"Hapa hatuulizi nani," Mashoto akasema. Hakuangalia dirishani. Kwa makusudi kabisa, hakuangalia dirishani. Na hapo nikaelewa kwamba angenificha mimi katika mkunjo wa tatu mpaka siku ya kustaafu kwake.

 Nilifikiria yule mwalimu mstaafu, saa mbili juu ya meza ya chuma. Nilimfikiria Mpole, ambaye muda mfupi uliopita nilimtolea macho anyamaze. Nikasimama, na mkasi ukaanguka kutoka mapajani.

"Ni mimi," nikasema. "Mkunjo ule ni wangu. Bosi alikuwa mwanafunzi wa kwanza."

Kalamu ya afisa ikasimama. Wifi yangu akaja mpaka kwenye cherehani yangu. Nilingoja ile sauti. Haikuja. Mtu asiyejua kunong'ona aliinama, akaniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba hapakuwa na wageni wala mashine:

"Kimeanzia wapi, wifi?"

Alijua kimeanzia wapi. Alitaka mimi niseme.

"Kilianzia chumba cha machafu," nikasema. "Jina lako lilikuwa ubaoni mara mbili. Ulikuwa na mimba ya miezi mitano, na harufu ya kule mara moja tu ilikulaza sakafuni. Halafu ukachoma shuka la tatu, ukaja hapa dirishani unalia, umelikumbatia. Nikalichukua mkononi mwako. Nikalikunja."

Mtoto wa mimba ile sasa ananipita kimo. Mashoto alinishika bega kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu. Afisa alifunga daftari lake bila kuandika jina. Na kule kwenye meza ya taa, Mpole akasogeza mafurushi yake pembeni, akavuta kiti, akaniita kwa mkono nikakae pale.